Mbu Uliyemfukuza Anaenda kwa Nani? Losheni ya Mbu Ni Kifaa cha Kazi, Si Mafuta ya Bosi



Wale wa mpunga kule Mabogini, Chekereni, Rau ya Kati na Oria mko kwenye majaruba. Wale wa nyanya, vitunguu na hoho kuanzia Kahe hadi Himo mko kwenye vitalu. Maswali mengi ninayopokea ni yaleyale ya mbegu, mbolea na bei ya soko la Kiboriloni. Lakini kuna swali moja limejirudia sana siku hizi kutoka kwa vijana: "Afisa, losheni ipi ya mbu ni nzuri, nikienda kupokea zamu ya maji usiku nijipake?"

Nitalijibu. Ila nianze na maoni yangu, halafu kila mtu apime mwenyewe. Kwa mkulima wa biashara, dawa ya kufukuza mbu ni kifaa cha kazi kama buti na glovu. Kifaa cha kazi hununuliwa kwa kila aliyepo kazini. Mwenye shamba anayejipaka peke yake huku vibarua wake wanane wamesimama kwenye maji bila kitu, hajatatua tatizo la mbu. Amelihamisha tu. Na nitaonyesha kwamba "amelihamisha" si neno la kumchoma mtu, ndivyo dawa yenyewe inavyofanya kazi.

Dawa hii haiui, inafukuza

Tuanze na mbu anavyotutafuta. Ni mbu jike tu ndiye anayenyonya damu, kwa sababu anaihitaji kukuza mayai. Kwa mbali ananusa hewa chafu tunayotoa tukipumua. Akikaribia anafuata harufu ya jasho na ya bakteria wa kwenye ngozi, hasa miguuni. Akifika karibu kabisa anaongozwa na joto la mwili. Ndiyo maana mtu aliyetoka kupiga jembe la mkono, anahema na kutoka jasho, anaumwa kuliko aliyekaa pembeni na simu.

Dawa ya kujipaka, na inayojulikana zaidi ni DEET iliyotengenezwa Marekani miaka ya 1940 kwa ajili ya wanajeshi, inavuruga pua ya mbu. Akitua kwenye ngozi iliyopakwa, hata miguu yake inaikataa, anaruka. Hajafa. Ana njaa ileile, na mayai yake bado yanadai damu. Atafanya nini? Atatafuta ngozi nyingine.

Hili limepimwa hapahapa nchini. Kwenye Bonde la Kilombero, watafiti walichukua vijiji ambako kaya nyingi, 80 kati ya kila 100, zilipewa losheni yenye DEET asilimia 15, na zilizobaki zikapewa losheni isiyo na dawa ndani yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Zile kaya chache zilizobaki bila dawa zilikutwa na mbu ndani ya nyumba zaidi ya mara nne, ukilinganisha na mahali ambapo hakuna aliyetumia dawa kabisa. Yaani waliojipaka walipata nafuu, na gharama ya nafuu hiyo ikaangukia jirani.

Shamba si nyumba, najua. Lakini mantiki ni ileile. Watu tisa wako kwenye jaruba moja saa mbili usiku, mmoja amejipaka na wanane hawajajipaka. Mbu wa pale wana chaguo rahisi sana.

Kwa nini hili ni la kwetu, watu wa Kilimanjaro

Mtu atasema, "Afisa, malaria Kilimanjaro ilishaisha." Ni kweli mkoa wetu uko kwenye kundi la chini kabisa nchini. Kwenye tafiti za kitaifa, wastani wa Tanzania Bara kwa watoto chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 7 mwaka 2017, wakati Kilimanjaro ilikuwa chini ya asilimia 1. Hii ni habari njema, na tusiichezee.

Ila kuna mambo mawili watu wanasahau. La kwanza, mlima wetu si sehemu moja. Kadri unavyopanda kwenda Kibosho, Uru, Machame au Marangu, baridi inapunguza mbu na inachelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu. Ukishuka tambarare hali inabadilika: joto, maji ya mifereji, majaruba, nyayo za ng'ombe zilizojaa maji. Vibarua wengi tunaowapa kazi tambarare wanatoka juu. Wanashuka asubuhi au jioni, wanafanya kazi, wanarudi.

La pili, pale malaria inapokuwa chache, kinga ya mwili nayo inakuwa ndogo. Mtu mzima aliyekulia kijiji chenye malaria nyingi anaweza kuumwa kidogo akaendelea na kazi. Mtu mzima wa Kibosho akipata vimelea analala kitandani kweli.

Sasa angalia hesabu ya siku. Kwa malaria yetu ya kawaida, mtu akiumwa na mbu leo, homa huanza baada ya wiki moja hadi mbili hivi, wakati mwingine zaidi. Kazi ya kupandikiza imeshaisha, kibarua ameshalipwa na ameshaondoka. Anaugulia kwao, mke anauza kuku wampeleke zahanati, na wewe huna habari. Kwenye daftari lako la matumizi hakuna mstari wa "malaria". Ndiyo sababu wakulima wengi wananiambia kwa dhati kabisa kwamba shambani kwao hakuna tatizo. Tatizo lipo, ila limepanda daladala likaenda kwa mtu mwingine.

Mpunga peke yake si adui

Tusije tukaelewana vibaya kwamba nasema tuache mpunga. Skimu ya Lower Moshi imelisha watu na kusomesha watoto tangu miaka ya 1980. Na kuna jambo la kutia moyo sana lililopatikana hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulilinganisha vijiji vya tambarare ya Moshi, cha mpunga, cha miwa na cha savana. Kijiji cha mpunga kilikuwa na mbu wengi kuliko vingine, lakini hatari ya kuambukizwa malaria ilikuwa ndogo zaidi.

Inawezekanaje? Watafiti waliihusisha na maisha ya watu wenyewe: wenye kipato cha mpunga walikuwa wakinunua na kutumia vyandarua zaidi. Pia mbu wa kwetu wa tambarare, anayeitwa Anopheles arabiensis, anapenda sana damu ya ng'ombe, na ng'ombe wapo.

Somo ninalolichukua mimi ni hili. Pesa ya shamba ikirudi kumlinda mtu, wingi wa mbu peke yake haumshindi. Pesa ikiishia kwenye bodaboda mpya huku wafanyakazi hawana kinga, tunaiharibu faida hiyo kwa mikono yetu.

Lakini chandarua si kipo?

Kipo, na kinabaki namba moja. Losheni haichukui nafasi ya chandarua chenye dawa hata siku moja. Kasoro ya chandarua ni kwamba hakitembei. Kinakulinda ukiwa umelala. Mbu wetu huyu anaanza kuuma jua likizama, na anauma nje vilevile. Sasa fikiria ratiba ya kijana wa kilimo: saa kumi na mbili jioni bado anapakia nyanya, saa tatu usiku yuko kwenye banio anasubiri zamu ya maji, saa saba anageuza maji kwenye jaruba, saa kumi alfajiri mwenzake anakamua ng'ombe. Chandarua kiko nyumbani kimetulia, hakijatobolewa hata na panya.

Hayo ndiyo masaa ya losheni. Ukiniuliza dawa ya kujipaka ina kazi gani, jibu langu ni fupi: inaziba pengo kati ya jua kuzama na kuingia kitandani, na pengo la zamu za usiku. Zaidi ya hapo tusiipe sifa isizo nazo.

Homa si malaria tu

Hapa naomba wafugaji mnisikilize kwa makini. Kati ya mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi hapa Moshi walipimwa kwa kina. Madaktari waliwadhania malaria asilimia 60.7. Vipimo vilithibitisha malaria kwa asilimia 1.6 tu. Waliobaki walikuwa na mengine, na baadhi ya hayo mengine yanaletwa na wadudu wanaonyonya damu. Palikuwa na homa ya riketsia inayoenezwa na kupe. Palikuwa na chikungunya inayoenezwa na mbu aina ya Aedes, ambaye pia ndiye anayeeneza dengi iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019.

Maana yake kwa shamba ni nini? Aedes anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, na anazaliwa kwenye maji safi yaliyosimama: ndoo, matairi, mapipa ya maji ya kupulizia, makopo ya dawa yaliyotupwa. Chandarua cha usiku hakimgusi. Kwa huyu, losheni na usafi wa kambi ya shamba ndiyo silaha.

Na kupe? Sisi wa mlimani tunafugia bandani, tunasema ng'ombe wetu hawana kupe kwa sababu hawatoki. Lakini majani tunayapata wapi? Wengi tunayakata tambarare, tunapakia kwenye pikapu, yanapanda mlimani na kupe wake. Kupe huyo anampa ng'ombe ndigana kali, na aina nyingine zinaweza kumpa mkata majani riketsia. Kwa mkata majani nashauri suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi au buti, dawa ya kufukuza wadudu kwenye ngozi iliyobaki wazi, na kujikagua mwili mzima akimaliza: kwapani, kinena, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio.

Ununue nini, uache nini

Nikija kwenye lile swali la mwanzo, sitaji kampuni. Soma kibandiko. Utafute mambo matatu: jina la kiambata, asilimia yake, na namba ya usajili.

Yenye DEET. Asilimia 10 inakupa kama masaa mawili. Asilimia 20 hadi 30 inakupa masaa manne hadi sita. Jasho na maji vinapunguza muda huo, kwa hiyo kwenye jaruba jipake tena mapema. Ina tabia ya kuyeyusha plastiki, hivyo usishike simu, miwani au mpira wa pampu mikono ikiwa imelowa dawa.

Yenye ikaridini. Inafanya kazi vizuri kama DEET, haina harufu kali na haili plastiki. Ukiipata kwa bei unayoiweza, chukua.

Yenye mafuta ya mkaratusi wa limau yaliyoandaliwa kiwandani. Hii ndiyo dawa ya asili ya mmea yenye ushahidi mzuri zaidi. Usiichanganye na majani ya mkaratusi wa kawaida uliopandwa mpakani mwa shamba lako, si kitu kimoja.

Mimea ya nyumbani. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Kivumbasi, mwarobaini na majani ya mkaratusi vimetumika hapa kwa muda mrefu, na watafiti wamevipima kwenye nyumba za Lower Moshi. Kuna kivumbasi ambacho hata jina lake la kisayansi limechukuliwa kwenye mlima wetu: Ocimum kilimandscharicum. Kikichomwa ndani ya nyumba kilipunguza mbu walioingia. Kwa hiyo kinasaidia. Tatizo ni muda. Mafuta ya mimea hupaa haraka, na ukijipaka mchaichai au kivumbasi mara nyingi baada ya saa moja au mbili kinga imeshaondoka. Kupanda kivumbasi kuzunguka nyumba ni vizuri kwa harufu na kwa nyuki, lakini mmea uliosimama tu haukulindi ukiwa mita 50 ndani ya jaruba.

Dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya mviringo. Nje, kwenye kibaraza au mahali pa kusubiria maji, inapunguza mbu kama upepo si mkali. Ndani ya chumba kilichofungwa siipendi hata kidogo. Kuna utafiti wa mwaka 2003 uliokadiria kwamba moja ikiungua hadi mwisho inatoa chembechembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Kuwalaza vibarua kwenye stoo iliyofungwa na mbili zinaungua si kuwalinda.

Sumu ya shamba na dawa ya kuogesha ng'ombe. Hapa sina lugha ya kubembeleza. Nimesikia vijana wanachovya kitambaa kwenye dawa ya kupe wanajifuta miguu, "mbona ng'ombe hafi?" Ng'ombe ana manyoya, ana ngozi nene na ana uzito mara tano au zaidi ya wako, na dawa imesajiliwa kwa ajili yake. Acheni kabisa.

Ng'ombe anaweza kutusaidia

Kwa kuwa mbu wetu anapenda ng'ombe, kuna akili ya kutumia hapo. Utafiti mmoja uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mbu waliomwendea ng'ombe aliyepakwa deltamethrini walikufa wengi kuliko waliomwendea ng'ombe asiyepakwa. Yaani ukijipaka losheni wewe, na ng'ombe wako ameogeshwa vizuri kwa ajili ya kupe, mbu anayekukimbia anaweza kwenda kutua mahali panapomuua. Huko ndiko kufukuza kunakokamilika: huku unamsukuma, kule unamvuta kwenye kifo chake.

Lakini kuna sharti. Deltamethrini iko kwenye ukoo wa pairethroidi, sumu zilizotengenezwa kwa kuiga nguvu ya ua la pareto linalolimwa Iringa, Arusha na Manyara. Ukoo huohuo umo kwenye vyandarua vingi, kwenye dawa ya kuwasha, na kwenye viuatilifu vingi unavyopulizia nyanya na maharage. Mbu wa Lower Moshi wameshapimwa na kukutwa wameanza kuzizoea. Kila mara unapopuliza nyanya bila mpango, mara mbili kwa wiki "kwa tahadhari", na maji ya kuoshea pampu unayamwaga mferejini, viluwiluwi wa mbu walioko kwenye maji yale wanapata dozi ndogo. Dhaifu wanakufa, sugu wanabaki, na hao sugu ndio watakaokuja kwenye chandarua cha mwanao. Kwa hiyo badilisha viuatilifu kwa ukoo, puliza baada ya kukagua wadudu, na usioshe pampu kwenye mfereji.

Hoja za wanaonipinga

Najua zipo, na nyingine zina uzito.

"Afisa, hata wataalamu wanasema losheni haipunguzi malaria." Ni kweli sehemu yake. Utafiti mwingine wa Kilombero, uliochapishwa mwaka 2014, uliwapa watu wenye vyandarua losheni ya DEET asilimia 15 na kuwalinganisha na waliopewa losheni isiyo na dawa. Tofauti ya wagonjwa haikutosha kusema kwa uhakika kwamba losheni ndiyo iliyoleta nafuu. Mimi nausoma hivi: kumpa kijiji kizima losheni na kutegemea kila mtu ajipake kila jioni kwa miezi mingi ni kazi ngumu sana, watu huchoka. Lakini mimi sizungumzii kijiji kizima mwaka mzima. Nazungumzia watu wanane, zamu sita za usiku, na msimamizi aliyesimama palepale na chupa mkononi. Kujipaka mbele ya msimamizi kabla ya kuingia majini ni jambo la dakika tatu. Sisemi litamaliza malaria. Nasema linapunguza kuumwa katika masaa ambayo hakuna kinga nyingine.

"Gharama." Haya, tupige hesabu. Mtu mzima akijipaka mikono, miguu na shingo anatumia kama mililita 5. Vibarua 8 kwa zamu 6 ni mililita 240, yaani chupa tatu za mililita 100 na zinabaki kidogo. Weka bei ya dukani kwako, kisha ilinganishe na gunia moja la mpunga, au na siku mbili za kibarua mzoefu asiyefika wakati miche imeshang'olewa kitaluni. Ukiona bado ni ghali, basi hesabu ya msimu wako ina matatizo makubwa kuliko mbu.

"Kibarua ni mtu mzima, ajinunulie." Kibarua wa siku akichagua kati ya losheni na unga wa watoto atachagua unga, na hata mimi ningechagua unga. Halafu tukumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kumlinda mfanyakazi na hatari za kazi. Mbu wa zamu ya usiku ni hatari ya kazi. Kibarua hakuja kwenye jaruba lako saa saba usiku kutembea.

Ninachoshauri msimu huu

1. Weka losheni kwenye orodha ya pembejeo, si kwenye matumizi ya mfukoni. Iandike pamoja na mbegu na mbolea.

2. Nunua kwa wote au panga kazi upya. Kama pesa haitoshi kwa wote, ongea na kamati ya maji mbadilishane zamu mpate ya mchana.

3. Jipakeni pamoja kabla ya giza, ngozi iliyo wazi tu. Si ndani ya nguo, si kwenye kidonda, si karibu na macho na mdomo. Mjamzito na mwenye mtoto mchanga waulize zahanati kwanza. Mtoto chini ya miezi miwili asipakwe DEET.

4. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kukamua, kabla ya kuchuma mboga na kabla ya kula. Maziwa hunasa harufu haraka, na mnunuzi hataki kusikia historia ya mbu wako.

5. Mavazi ni nusu ya kinga. Shati la mikono mirefu na suruali ndefu vinakupunguzia eneo la kupaka, na vinapunguza matumizi ya dawa.

6. Punguza mbu kwenye chanzo. Mbu anahitaji kama siku 7 hadi 14 kutoka yai hadi kuruka. Kwenye kilimo shadidi cha mpunga tunanywesha na kuacha jaruba likauke kwa vipindi. Ukikausha vizuri viluwiluwi wanakufa, na maji yanabaki kwa mwenzako wa chini. Sawazisha jaruba ili madimbwi yasibaki. Fukia makopo, funika mapipa.

7. Ogesha ng'ombe kwa ratiba, kwa dozi ya kibandiko, na ushauri wa mtaalamu wa mifugo wa kata yako.

8. Waambie vibarua siku ya kuwalipa: "Ukipata homa ndani ya mwezi mmoja, nenda upimwe, na umwambie daktari ulifanya kazi tambarare kwenye mpunga na mifugo." Sentensi hiyo moja inaweza kumfanya daktari apime kitu sahihi. Na akikutwa hana malaria, asinunue dawa ya malaria dukani kwa kubahatisha.

Neno la mwisho

Vijana mmebadilisha sana kilimo cha hapa Moshi. Mnapima udongo, mnatunza kumbukumbu, mnauza kwa mkataba. Najivunia kufanya kazi na ninyi. Ila kilimo biashara hakipimwi kwa magunia peke yake. Kinapimwa pia kwa hali ya watu waliokusaidia kuyajaza, wiki mbili baada ya mavuno, wakiwa kwao.

Losheni ni kitu kidogo. Ndiyo maana mimi naitumia kama kipimo. Mkulima anayekumbuka kumpa kibarua chupa ileile anayojipaka yeye, mara nyingi ndiye huyohuyo anayempa glovu wakati wa kupulizia na maji safi ya kunywa mchana. Na vibarua wanamjua. Siku ya kupandikiza, wakati wengine wanatafuta watu barabarani, kwake wameshafika.

Mwenye swali kuhusu kiambata au kibandiko asichokielewa, apite ofisi ya kata na chupa yake kabla hajaifungua, tusome pamoja. Nawatakia msimu mwema.